Maswali yanayoulizwa sana: kujiunga na timu ya kujifurahisha ukiwa ughaibuni

Nimeyakusanya hapa maswali ambayo watu huniuliza kila wakisikia kwamba marafiki zangu karibu wote huku ninapoishi nimewapata kwenye voliboli. Nacheza timu mchanganyiko, wanaume na wanawake pamoja, ligi ya chini kabisa ambayo hakuna anayelipwa, na huu ni mwaka wa sita. Majibu mengine marefu mengine mafupi, nenda moja kwa moja kwenye lile linalokuhusu.

Kwa nini timu? Si naweza kwenda jimu au kukimbia mwenyewe?

Unaweza kabisa, na afya utaipata vilevile. Ila jimu ukikosa wiki tatu hakuna anayejua. Kwenye timu mko sita uwanjani, ukikosekana wanabaki watano, kwa hiyo saa moja na dakika tano simu inaita, uko wapi, unakuja? Kwangu mimi hapo ndo penyewe. Mtu aliyehamia nchi ya watu anaweza kukaa toka Ijumaa jioni mpaka Jumatatu asubuhi bila binadamu yeyote kumtaja jina, mwaka wangu wa kwanza niliishi hivyo, natoka kazini nafunga mlango, naongea na nyumbani kwa simu, simu ikikatika chumba kinakuwa kimya kuliko kabla sijapiga. Kuwa na sehemu ambayo watu wanahesabu idadi yao na wewe umo kwenye hiyo hesabu ni kitu kikubwa sana, na kiukweli yote nitakayoyasema huku chini yanarudi hapohapo.

Kuna na upande wa mwili. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, akiwemo Robin Dunbar, mwaka 2009 walitoa utafiti waliowafanyia wapiga makasia wa chuo. Waliwapa mashine za mazoezi, siku nyingine kila mtu peke yake, siku nyingine wote kwa pamoja kwa mwendo mmoja, kisha wakapima uwezo wao wa kuvumilia maumivu. Kazi ilikuwa ileile lakini wakifanya pamoja uvumilivu ulipanda zaidi, na wao walichukulia hiyo kuwa dalili kwamba mwili unatoa endofini nyingi zaidi, zile kemikali zinazompa mtu raha baada ya kujituma. Kwa hiyo ile hali ya kutoka mazoezini umechoka na bado moyo mweupe si kwamba unajidanganya.

Sijawahi kucheza chochote toka shule, watanikubali?

Timu za kujifurahisha shida yao kubwa ni mahudhurio. Muulize nahodha yeyote atakwambia, anao kumi na wanne kwenye grupu na siku ya mechi wanatokea watano. Mtu anayejifunza taratibu ila yupo kila wiki anapendwa kuliko fundi anayekuja akijisikia. Sisemi hivi kukutia moyo tu, nimeona kwa macho yangu fundi wa kweli kabisa akiachwa nje ya kikosi kwa sababu hakuna aliyejua kama atakuja.

Ila chagua daraja lako. Ukiona tangazo limeandika wanaoanza, kujifurahisha, ngazi zote, nenda. Likiandika mashindano au majaribio ya kuingia timu, hilo subiri kwanza.

Mchezo gani unafaa kwa mtu mgeni?

Ule utakaouvumilia usiku wa mvua ukiwa umechoka. Baada ya hapo angalia mchezo wenyewe unawalazimisha watu kushirikiana kiasi gani. Mimi nitapigia debe voliboli na sababu ninayo. Sheria inasema timu ina migusano mitatu tu kabla mpira haujavuka wavu, na mtu mmoja haruhusiwi kuugusa mara mbili mfululizo (kuzuia wavuni hakuhesabiwi). Maana yake hata uwe bingwa huwezi kucheza peke yako, lazima mpira upite kwa mwenzako, na mnazunguka nafasi kwa hiyo kila mtu atakaa karibu na kila mtu. William G. Morgan aliubuni mwaka 1895 huko Holyoke, Marekani, akitafuta mchezo usio na kugongana sana kwa wale ambao basketi iliwazidi nguvu, na mpaka leo unawabeba watu wa umri tofauti kwenye timu moja vizuri tu.

Mpira wa miguu uzuri wake upo kila mahali na hauhitaji maelezo. Frisbi ya timu, ule mchezo wa kurushiana kisahani cha plastiki, ina kitu kimoja kizuri sana, haina refa, wachezaji wenyewe ndo wanaamua faulo kwa kuongea, hata kwenye mashindano mengi makubwa, kwa hiyo watu wake wamezoea kusikilizana. Na kama wewe mpole sana, umati unakuchosha, anza na parkrun, ni mbio za kilomita 5 zilizoanza mwaka 2004 Bushy Park, London, na watu 13, leo zipo nchi nyingi, bure, nchi nyingi ni Jumamosi asubuhi, na unaweza hata usikimbie ukajitolea kusimama kwenye kona kuelekeza wakimbiaji. Ukivaa kile kizibao cha wajitoleaji watu wanakuja kukusalimia wenyewe, wewe huhitaji kutafuta neno la kuanzia.

Timu naipata wapi?

Jifunze kwanza neno la mchezo wako kwa lugha ya pale, ukitafuta kwa Kiingereza unapata timu za wageni tu, ukitafuta kwa lugha yao unapata zile za mtaani ambazo hazijui hata kujitangaza. Angalia ubao wa matangazo wa ukumbi wa michezo wa manispaa, maktaba, chuo, ofisini uliza watu, magrupu ya Facebook ya mji na programu za kutafuta wachezaji.

Ila njia iliyonifaa mimi ni ya zamani zaidi, nilienda ukumbini jioni nikakaa kwenye benchi la pembeni nikaangalia mazoezi mpaka mwisho. Walipokuwa wanakunja wavu nikasogea nikashika kamba upande mmoja. Yule dada aliyekuwa anashika upande wa pili akaniuliza kitu sikukielewa, nikasema jina langu, akanionyesha vidole, tano halafu mbili, na ukuta ambapo saa imening'inia. Saa yao saba, yaani saa moja jioni kwetu. Wiki iliyofuata nilikuwa pale saa moja kasoro robo.

Barua pepe wengi hawajibu, wala usichukulie vibaya, anayezisoma ni mtu mmoja mwenye kazi na watoto anayefanya hayo kwa kujitolea. Nenda mwenyewe. Na ujue mwanzo wa msimu ndo wanapokea watu kirahisi, katikati ya msimu vikosi vimeshajaa.

Lugha siijui, nitacheza vipi?

Utacheza kwanza, lugha itakuja nyuma yake. Neno langu la kwanza la huku ambalo nililisema bila kufikiri ni "yangu". Kwenye voliboli mpira ukija katikati ya watu wawili wote wanasimama kuangaliana na unaanguka chini, kwa hiyo unafundishwa toka siku ya kwanza kupiga kelele yangu. Mimi nilikuwa naona aibu ya matamshi, naunyamazia, mpira unaanguka. Mara ya tatu mzee mmoja wa timu, seta wetu, yaani yule anayewainulia mpira wapigaji, akausimamisha mchezo, akaja mpaka mbele yangu, akajigonga kifua akasema lile neno, akanigonga bega akasubiri. Nikalisema. Akakataa kwa kichwa, kwa sauti zaidi. Nikalipiga kwa nguvu mpaka ukumbi ukaitika, na timu nzima ikapiga makofi. Miezi miwili nilikuwa nasoma darasani jinsi ya kuagiza tiketi ya treni na hakuna siku niliyoipiga lugha ile kwa sauti kamili mpaka jioni hiyo.

Andika orodha ya maneno kama kumi na tano hivi ya uwanjani: yangu, yako, acha, nyuma, nje, ndani, badilisha, pole, safi, tena. Yanarudiwa mara mia kila jioni, huwezi kuyasahau. Kitakachokupa shida ni stori za chumba cha kubadilishia nguo, pale watu wanaongea haraka kwa lafudhi na utani wa zamani wa wao kwa wao. Kaa tu. Uliza mtu mmoja, wanasemaje? Siku zote kuna mmoja anayependa kutafsiri.

Siku ya kwanza nifanyeje?

Fika mapema dakika kumi na tano maana wanaofunga wavu na kutoa mipira ndo wenye muda wa kusalimiana, wanaochelewa wanakuta mazoezi yameanza na hakuna wa kumjua. Beba viatu safi vya ndani visivyoacha alama sakafuni kama ni ukumbini, maji, na taulo. Sema jina lako na ulitamke taratibu, wakikosea warekebishe siku hiyohiyo, ukiliacha likakosewa wiki nne litabaki hivyo miaka. Mwambie kocha ukweli wa kiwango chako. Mwisho baki usaidie kukusanya.

Nimeenda wiki ya nne sasa na sina rafiki hata mmoja, hii inafanya kazi kweli?

Hili ndo swali linaloniuma kuliko yote kwa sababu wengi wanaacha hapahapa, wiki ya nne, ya tano, wanaenda kusema watu wa nchi ile ni baridi.

Piga hesabu na mimi. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alitoa utafiti mwaka 2018, na sehemu yake moja aliwauliza watu wazima waliokuwa wamehamia sehemu mpya kuhusu wale waliokutana nao huko. Makadirio aliyoyapata ni kama saa 50 za kuwa pamoja ili mtu unayemfahamu tu awe rafiki wa kawaida, kama saa 90 awe rafiki hasa, na zaidi ya 200 awe rafiki wa karibu. Sasa mazoezi ni saa mbili kwa wiki. Wiki nne ni saa nane. Saa 50 ni wiki 25, nusu mwaka mzima bila kukosa. Kwa hiyo hapo ulipo hakuna kilichoharibika, upo mwanzoni kabisa na watu wale hawajakukataa, hawajafika tu.

Na kitu kingine alichokiona, saa za kufanya kazi tu pamoja hazibebi uzito kama zile za kukaa, kucheza, kuongea. Ndo maana nasema mechi ikiisha usikimbilie basi. Ile saa moja ya kukaa nje ya ukumbi watu wanavua pedi za magoti wanabishana ule mpira ulikuwa ndani au nje, hiyo ndo inayofanya kazi. Ukiongeza saa moja kila wiki zile 50 zinafika ndani ya wiki 17. Mimi mwaliko wa kwanza wa nyumbani kwa mtu niliupata mwezi wa saba, na nilikuwa nimeshaandika ujumbe wa kuaga timu kwenye simu sijautuma tu.

Wenzangu wakienda kunywa baada ya mechi na mimi situmii?

Nenda, agiza chako, kaa nao. Kama mazingira ya baa yenyewe huyataki sema wazi mapema na pendekeza kingine, wengi hata hawajali ilimradi mko pamoja. Timu ambayo inakusumbua kila wiki unywe, hiyo ina tatizo lake na zipo nyingine.

Nijiunge na timu ya watu wa kwetu au ya wenyeji?

Ya kwetu inakupumzisha, hutafsiri kitu, utani unaingia wenyewe, na siku ya msiba wanajua cha kufanya bila kuambiwa. Ya wenyeji inakupa mji: nani anapangisha chumba, fundi gani mwaminifu, barua hii ya serikali inasema nini. Kama muda upo shika zote mbili. Kama ni moja tu, mimi ningeanza na ile iliyo karibu na unapolala, maana ya mbali utaiacha baridi ikianza, haijalishi ni ya nani.

Na usione aibu kutafuta watu wako, jambo hili ni la siku nyingi. Mwaka 1938 wageni wa Kiingereza waliokuwa wanaishi Kuala Lumpur walianzisha Hash House Harriers, mmoja anatangulia anaweka alama njiani wengine wanamfuata mbio, na leo vipo vikundi vya aina hiyo nchi nyingi ambako mgeni akitokea anapokelewa siku hiyohiyo (wengi wao wanakunywa sana, ujue tu kabla).

Mimi mwanamke navaa hijabu, nitaruhusiwa kwenye ligi?

Mpira wa miguu uliruhusu rasmi vifuniko vya kichwa kwenye sheria zake mwaka 2014, basketi ya kimataifa ikafuata mwaka 2017. Kwenye ligi za kujifurahisha kwa kawaida ni suala la usalama, kitambaa cha kubana kisicho na pini. Ila kanuni za ligi za mahali zinatofautiana na zipo sehemu zenye mabishano, kwa hiyo nahodha aulize kwa maandishi kabla ya mechi ya kwanza, isije ikawa wewe ndo unajibizana na refa uwanjani mbele ya watu.

Ada na usajili zikoje?

Kabla hujalipa uliza ada inabeba nini: ukumbi, refa, jezi, bima. Uliza kama kuna punguzo kwa wanafunzi au wasio na kazi, sehemu nyingi lipo na halitangazwi. Uliza pia kujitoa kunataka notisi ya muda gani, klabu nyingine uanachama ni wa mwaka mzima na unajiendeleza wenyewe usipoandika barua.

Kwa wanaocheza mpira wa miguu kuna kitu kinawakwamisha wengi. Kama nyumbani ulisajiliwa kwenye shirikisho, hata ligi ndogo, na huku unataka kusajiliwa ligi iliyo chini ya shirikisho la nchi hiyo, FIFA inataka cheti cha uhamisho wa kimataifa kinachotoka shirikisho lako la zamani kwenda jipya. Hakilipiwi, na watoto chini ya miaka 10 hawakihitaji, ila kinaweza kuchukua muda, hivyo waambie klabu mapema na usifiche kwamba ulicheza. Bonanza na ligi za kazini zisizo chini ya shirikisho hayo hayawahusu.

Nikiumia?

Jua jibu kabla hujaumia. Bima yako ya afya inahusu michezo? Klabu ina bima yake? Ukivunjika mguu na kazi yako ni ya kusimama, mwajiri anasemaje? Mtu ugenini akiumia hana shangazi wa kumpikia, kwa hiyo pasha misuli vizuri, na kwenye voliboli angalia kifundo cha mguu, wengi wanateguka wakitua juu ya mguu wa mwenzao chini ya wavu. Mimi niliteguka mwaka wa pili. Waliopanda ngazi kuniletea mahitaji kwa zamu wiki tatu ni hao hao niliotaka kuwaaga.

Nikibaguliwa uwanjani?

Mwambie nahodha palepale, usisubiri kesho, na mwambie refa aandike. Angalia timu yako inafanya nini katika dakika tano zinazofuata. Wakisimama na wewe, umepata watu. Wakikwambia puuzia, ondoka, na kuondoka huko si kushindwa, ukumbi wa jirani kuna timu nyingine inayotafuta mchezaji wa sita.

Nafanya kazi za zamu, ratiba haitulii.

Tafuta vikundi vya kuja unapoweza, wachezaji wa akiba wanahitajika kila ligi. Toa ratiba yako ya mwezi kwenye grupu mapema. Kutokuja ukiwa umesema hakuudhi mtu, kunyamaza ndo kunaudhi.

Hapa nilipo hamna timu kabisa, naanzisha vipi?

Mwaka 1899 kijana Mswisi wa miaka 21, Hans Gamper, mgeni Barcelona, aliweka tangazo fupi kwenye gazeti la michezo la pale kwamba anatafuta watu wa kucheza naye mpira. Tangazo lilitoka Oktoba 22. Novemba 29 wakakutana watu 12, Waswisi, Waingereza, Wakatalani, wakaanzisha klabu, na rais wao wa kwanza akawa Walter Wild. Klabu hiyo ni FC Barcelona. Nakutajia ili uone mwanzo wenyewe ulikuwa mdogo kiasi gani, tangazo na chumba chenye watu 12.

Chagua siku moja na saa moja na usizibadilishe hata akija mtu mmoja. Ukianza kuuliza grupu "wiki hii tukutane lini" kikundi kinakufa, nimeona mara tatu. Watu wanne wanatosha kuanza. Kila mgeni mpe kazi siku ya kwanza, abebe mpira, apige picha, aweke majina, mtu mwenye kazi anarudi.

Nikihama mji je, naanza upya?

Mwambie nahodha wako kabla hujafungasha. Timu za ligi za chini zinajuana kuliko unavyofikiri, kwenye bonanza za mwisho wa msimu zinakutana. Mwenzetu mmoja alipata kazi mji mwingine mwaka juzi, seta wetu akapiga simu mbili tu, na dada yule akawa na mazoezi ya Jumanne huko kabla hajapata kitanda. Jina lake bado lipo kwenye grupu letu. Kila Jumanne saa nne usiku anatuma matokeo.